Ndege ya Kupita Juu ya Mkate

Trieste, 21 Agosti 2004

Baba Mdogo mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka huku niliko. Natumai magoti yako yamepunguza kelele, na Mama Mdogo Zorka amepona kile kikohozi alichokuwa nacho makaburini. Mimi mwili hauna neno. Nimerudi kazini kwenye nyumba ya wazee, nawaogesha na kuwabadilishia shuka, na wao ndio wanaonipa pole. Hofu yangu iko kwenu huko Dubravac, na zaidi kwa mama.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hushikiki. Nikipiga, unakohoa mara mbili, unasema, "Haya, roho yangu, ongea na Zorka," halafu nasikia mlango unafungwa. Karatasi haina mlango, Baba Mdogo. Utasoma mpaka mwisho.

Jana mama alinisomea barua ya kamati ya uchunguzi. Wanasema wanachojua hadi sasa ni hiki: tarehe mbili Agosti, siku ya Mtakatifu Eliya, mwanafunzi Rastko, miaka ishirini, alipaa peke yake na ndege ndogo ya mafunzo, bila ruhusa ya mtu yeyote, akaingia kwenye wingu la mvua ya mawe na kuanguka katika shamba la alizeti nyuma ya kinu. Bila ruhusa! Wamenukuu kitabu cha siku cha klabu ya ndege. Na kitabu hicho unakiandika wewe. Wewe ndiwe uliyekuwa msimamizi wa kurusha ndege siku ile, mwandiko ni wako na sahihi ni yako.

Rastko huyu mdogo wangu, bila ruhusa? Huyu aliyekuwa akimwomba mama ruhusa ya kufungua friji mpaka ana ndevu? Wiki tatu kabla, alipopaa peke yake mara ya kwanza na nyote mkampiga ubao makalioni kwa zamu kama ilivyo desturi yenu, alinipigia simu anacheka, anasema hawezi kukaa, na kwamba hataigusa ndege tena mpaka Baba Mdogo aseme. Ndiye huyo leo mnamwita mkaidi?

Mama hali, Baba Mdogo. Anakaa jikoni akimgombeza marehemu. Anasema mwanawe amekufa na dhambi ya kiburi, ameasi wakubwa, na ndiyo maana Mungu hakumpokea ardhini kwa upole. Mnakaa mtaa mmoja. Hilo hulisikii?

Na sasa Radiša, mwenyekiti wenu, baba yetu wa ubatizo, amemwambia mama kwamba siku ya arobaini atabandika kibao cha shaba ukutani mwa klabu. Maneno ameshayatunga: "Kumbukumbu ya Rastko, aliyeponzwa na haraka ya ujana. Vijana, tiini." Nilipoyasikia nilikimbilia chooni nikatapika kahawa yote. Mtu alimshika mtoto mikononi akiwa uchi mbele ya padri, leo anamtundika ukutani awe onyo kwa wengine! Nimeona kinyaa ambacho sijawahi kukiona kwa mtu wa nyumbani.

Niambie kwa mkono wako: nani alimruhusu?

Mwanao,
Dunja


Dubravac, 30 Agosti 2004

Dunja, roho yangu,

Barua yako nimeipata, postamasta ameniletea mwenyewe mpaka mlangoni ili apewe kikombe kidogo cha pombe ya plamu, unamjua. Sisi hatujambo, kadiri mtu wa miaka sitini na saba anavyoweza kuwa hajambo. Magoti yanalia. Zorka amenunua magunia manne ya pilipili nyekundu za kuchoma na kusaga, nyumba nzima inanuka moshi, na mimi nimegeuzwa mtu wa kumenya maganda. Huko kwenu sijui mnakula nini. Wanasema ni tambi asubuhi, tambi jioni. Kula nyama, mwanangu, ulikuwa mwembamba sana siku ya mazishi.

Kuhusu yale unayouliza, naomba tuyaache yapumzike na aliyepumzika. Wahenga walisema funika kombe mwanaharamu apite. Kitabu kimeandikwa kama kilivyoandikwa. Hali ya hewa ilibadilika ghafla. Mtakatifu Eliya ndiye mwenye ngurumo, siku yake hata mkulima hagusi jembe, nani sasa atamshitaki mtakatifu? Mkate ulikuwa bado haujakatwa, padri ameshika kisu, watu wote tunatazama juu, mara mbingu ikawa nyeusi upande wa Orlovac. Basi. Ilikuwa hivyo.

Na Radiša usimseme vibaya. Kwetu sisi ni kwanza Mungu, halafu baba wa ubatizo. Baba yako alipofariki, nani alibeba msalaba mbele ya jeneza? Nani alikuja na trekta kulima shamba lenu miaka mitatu, bila kuombwa? Mtu hamkatai ndugu wa ubatizo, Dunja, ni afadhali amkatae ndugu wa tumbo moja. Kibao anakiweka kwa heshima. Shaba ameiagiza Belgrade.

Mama yako nitamtembelea, pilipili zikiisha.

Baba yako mdogo,
Bogosav


Trieste, 7 Septemba 2004

Baba Mdogo,

Hujambo? Mimi sijambo. Nitaziacha salamu hapo, maana nikiendelea nitakuwa mnafiki, na wanafiki ukoo wetu unao wa kutosha.

Unaniambia funika kombe mwanaharamu apite. Hapiti, Baba Mdogo! Amekaa kiti cha mbele na ameagiza shaba.

Umeandika kwamba nyote mlikuwa mnatazama juu na padri ameshika kisu. Mlikuwa mnatazama nini huko juu? Mtu aliyepaa bila ruhusa anangojewa na padri? Desturi yenu naijua tangu nina meno ya utoto. Kila siku ya Eliya klabu inafanya sikukuu yake, na mkate wa sikukuu haukatwi mpaka ndege ipite chini chini juu ya meza, mara moja, eti mwaka uwe wa heri na pasianguke mtu. Nimeshika mshumaa pale miaka mitano. Kwa hiyo mlikuwa mnamngoja. Mlimngoja, halafu mkaandika kwamba hamkumtuma!

Sasa sikia. Wiki iliyopita nilimpigia simu Spasenija, yule mama mjane wa Orlovac anayekaa kwenye kibanda cha roketi kule mlimani, anayepiga mawingu ili mawe yavunjike kabla hayajashukia plamu za watu. Nilitaka kumuuliza tu wingu aliliona saa ngapi. Aliangua kilio. "Binti yangu," akasema, "nimengoja mwezi mzima mtu aniulize." Kamati haikumfikia. Nani angewaambia kwamba yupo?

Na yeye ana kitabu chake. Amenitumia nakala ya ukurasa wa siku ile, nakuandikia neno kwa neno:

"Saa tano na dakika thelathini na moja. Nimepigia klabu ya ndege, nimeomba anga niweze kupiga roketi. Nimeambiwa: Subiri, roho yangu, kuna ndege hewani. Saa tano na dakika thelathini na nane, nimepiga simu tena. Nimeambiwa: Bado iko hewani, roho yangu, dakika kumi tu. Saa tano na dakika hamsini mawe yameanza kushuka. Roketi sijapiga hata moja."

Na kitabu chako wewe, kile walichonukuu kamati, kinasema Rastko alipaa saa tano na dakika arobaini na tatu.

Hesabu mwenyewe. Yule mama alipopiga mara ya kwanza, ndege ilikuwa bado imesimama kwenye majani. Alipopiga mara ya pili, bado imesimama kwenye majani. Mtu alimdanganya mama wa watu azuie roketi zake, akaliacha wingu likomae, kisha akamtuma mtoto humohumo. Kijiji cha Orlovac kimepoteza plamu zote na Spasenija anatukanwa kisimani kwamba alilala kazini. Na katika Dubravac nzima ni mtu gani anayemwita kila kiumbe, hadi postamasta mwenye masharubu, "roho yangu"?

Ulinifundisha kuendesha baiskeli, wewe. Nimekaa na karatasi ya Spasenija mkononi na nimejinusa vidole kama vile nimeshika kitu kilichooza.

Arobaini ni Jumamosi. Mimi sikupewa ruhusa ya kusafiri tena. Simama mbele ya mama useme. Ukishindwa, kamati inafunga jalada tarehe mosi Oktoba, waandikie. Sikuombi kingine chochote.

Dunja


Dubravac, 13 Septemba 2004

Mwanangu Dunja,

Salamu sijui nizianzie wapi. Zorka yuko kwa jirani, ndiyo maana naweza kuandika. Yeye hajui chochote katika haya.

Arobaini tumeifanya. Mama yako alipika ngano ya marehemu kwa mikono yake, hakutaka msaada. Padri alimwaga divai juu ya kaburi, mshumaa ukazimika mara mbili kwa upepo. Kisha tukaenda klabu na Radiša akafunua kibao. Alitoa hotuba. Alilia, Dunja, tena machozi ya kweli, na hilo ndilo lililonitisha kuliko yote. Akasema, "Laiti mtoto huyu angetusikiliza sisi wazee." Halafu akapangusa macho, akachukua kijiko, akala ngano, akalamba sharubu na kumwambia mama yako, "Imeiva vizuri, dada. Niongezee kijiko." Na mama yako akamwongezea. Akamwambia ahsante kwa kibao.

Nilikwenda nyuma ya banda la ndege nikatapika kwenye magugu. Nikakumbuka kahawa yako.

Nilikuja na maneno yako mfukoni, nilikuwa nimeyakariri njia nzima. Hayakutoka. Basi nakwambia wewe.

Simu ililia kama saa tano na nusu. Spasenija. Radiša alikuwa amesimama karibu yangu, amevaa suti yake nyeupe. Nikaziba simu kwa kiganja, nikamwambia Orlovac wanaomba anga, mawe yanakuja. Akasema, "Mwambie kuna ndege hewani." Nikasema, haipo. Akasema, "Itakuwepo. Bogosav, wageni wa Belgrade wamekaa mezani, unataka yule bibi atulipulie roketi juu ya supu? Akipewa anga, hatupai, na mkate utakatwaje? Ndugu wa ubatizo akuombe mara ngapi?" Nikasema ule uongo. Mara ya pili niliusema bila hata kumtazama yeye, ulikuwa umeshapata njia.

Nenad, mwalimu wake Rastko, alikuwa harusini Čačak. Mwanafunzi hapai peke yake bila mwalimu uwanjani, hiyo hata mfagiaji anaijua. Marubani wengine walikuwa wameshaonja pombe tangu asubuhi, aliyekuwa mkavu ni Rastko peke yake. Radiša akasema, "Mwalimu leo ni mimi."

Kisha mtoto akaja dirishani kwangu. Amevaa shati jeupe alilopigiwa pasi na mama yake. Akatazama Orlovac, akanitazama mimi. Akasema, "Baba Mdogo, kule kumeiva. Nipae, nisipae?" Nikajifanya natafuta kalamu. Akasema tena, "Ukisema hapana, basi ni hapana, nakwenda zangu kunywa supu." Nikamtazama Radiša. Akanikodolea macho na kunyooshea kidole meza.

Nikasema, "Nenda, roho yangu. Pita mara moja, ushuke."

Hakuwahi kupita hata hiyo mara moja. Aligeuka juu ya kinu, upepo ukaja na mawe makubwa kama mayai ya bata, tukamwona anasukumwa chini kama mtu aliyebonyezwa kichwa kwa kiganja.

Kuna jambo moja jingine, na hili hata Mungu sijamwambia. Watu walikuwa wamekimbilia alizeti. Mimi magoti yalikataa, nilibaki mezani. Radiša alirudi, barafu bado inayeyuka juu ya kitambaa, akamwambia padri, "Ukate, baba, usije ukawa mkosi." Mkate ukakatwa, Dunja. Nikapewa kipande. Nikala.

Jioni yake Radiša aliniletea kitabu. Akasema, "Andika bila ruhusa. Aliyekufa hafungwi, sisi tutafungwa. Wewe na mimi tunazikana." Yeye alisema, kalamu ilikuwa yangu.

Sasa unajua yote. Nakuomba kama mtoto niliyemlea: ichome barua hii. Nimebakiwa na miaka michache. Nataka kulazwa kando ya kaka yangu, na watu waje kuniaga, wasijifungie majumbani kama kwa mbwa.

Baba yako mdogo,
Bogosav


Trieste, 20 Septemba 2004

Leo sina salamu.

Unataka kulazwa kando ya baba yangu. Mimi namjua baba yangu: akikuona unaletwa, atahama.

Barua yako nimeisoma mara moja tu. Nilipofika pale kwenye kipande cha mkate niliiweka chini, nikaenda kunawa mikono, nikanawa na sabuni ya hospitali mpaka ngozi ikachubuka. Bibi mmoja ninayemhudumia akaniuliza nimeshika nini kichafu hivyo. Nikamwambia, barua ya nyumbani.

Radiša nilishamtapika, ameisha. Huyo ni mchafu anayejua kwamba amevaa nyeupe. Wewe ndiwe unayenitia kichefuchefu sasa. Wewe ulitapika kwenye magugu, kisha ukarudi ukakaa kwenye benchi, ukamwacha mama amshukuru muuaji wa mwanawe, na kumwongezea kijiko! Mwanamke yule anamlaani mtoto wake kila siku kwa kosa la kutotii, na mtoto aliuliza mara mbili. Mara mbili, Bogosav. Ulikuwa na neno moja dogo la kumtoa mama yangu motoni, na ukalileta Italia.

Sikuichoma. Wala sitaipeleka. Nimekwenda posta nayo mara mbili nikarudi nayo. Nikiituma mimi, utakuwa mtu aliyekamatwa, utalia vizuri mbele ya kamati na Zorka atakuonea huruma. Sikupi hiyo nafuu. Humu ndani utaikuta barua yako yenyewe, mwandiko wako na sahihi yako, na bahasha tupu nimeiandika anwani ya kamati. Stempu nunua mwenyewe. Sikubakiza nakala. Ukitaka kuichoma, jiko lako unalijua lilipo.

Ila kabla hujafanya lolote kati ya hayo mawili, usinisainie tena "baba yako mdogo". Baba mdogo ni cheo, na cheo kina kazi yake.

Dunja


Dubravac, 10 Novemba 2004

Dunja,

Salamu, kama utazipokea. Zorka anakohoa tena. Magoti yangu hayana habari mpya. Wewe nasikia umehamishiwa zamu ya mchana, ni vizuri, jua kidogo litakusaidia.

Najua umengoja wiki saba. Bahasha yako nilikaa nayo siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilifungua jiko nikalifunga. Niliiweka ndani ya buti, nikaihamishia chini ya godoro, nikaona hata godoro linanitazama. Tarehe ishirini na tisa Septemba niliitia ndani ya koti nikaenda kwa mama yako, nikajisemea, kama ni kusomwa na watu nisiowajua, aanze kusikia yeye.

Nilimkuta anakoroga jamu ya plamu uani, kwenye ile sufuria kubwa ya bibi yenu. Hakugeuka. Nikamwambia, "Shemeji Ruža, nina barua ya kukusomea." Akasema, "Soma, mimi siwezi kuacha kukoroga, itashika chini." Nikasoma nimesimama. Niliposoma mambo ya simu aliendelea kukoroga. Niliposoma habari za Radiša na suti yake, aliendelea kukoroga. Nilipofika pale mtoto alipokuja dirishani, mwiko ukasimama.

Akasema, "Hapo soma tena."

Nikasoma tena. Akasema, "Tena." Jamu ikaanza kunuka kuungua, na yeye amesimama tu. Nikasoma mara ya tatu: nipae, nisipae, ukisema hapana, basi ni hapana.

"Aliuliza," akasema.

"Aliuliza, shemeji."

"Mara mbili?"

"Mara mbili."

"Siku hamsini na nane," akasema, "nimekwenda kaburini kila siku kumgombeza. Nimemwambia maneno ambayo sikuwahi kumwambia akiwa hai." Kisha akaingia jikoni, akarudi na mkate mkononi, akachota ile jamu iliyoungua, akala. Alikula amesimama, vipande vitatu, bila kunitazama, kama mtu aliyetolewa mgodini. Mimi nilikuwa bado sijasoma yaliyobaki. Nikasema, kuna mengine, shemeji, kuna habari ya mkate. Nikayasoma. Akatema alichokuwa nacho mdomoni, karibu na viatu vyangu.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Basi toka uani kwangu. Usirudi mpaka nikuite. Na sitakuita, Bogosav."

Nikaenda posta moja kwa moja. Nilinunua stempu mwenyewe.

Kamati walikuja wiki ya pili ya Oktoba, watu watatu. Walikaa nami siku nzima, niliwaambia kama nilivyokuandikia, sikupunguza. Kitabu cha Spasenija wamekichukua na kumpa hati yenye muhuri, sasa anaitembeza Orlovac nzima, na wale waliomtukana kisimani wanampelekea kuku. Radiša ameitwa mara tatu. Anawaambia mimi nimezeeka kichwa, kwamba mpwa wangu wa Italia amenilisha maneno. Mpwa! Hata undugu wetu anauharibu makusudi, anajua fika wewe ni mtoto wa kaka yangu. Nitashitakiwa na mimi pia. Ni haki, sina wakili na sitamtafuta.

Juzi ilikuwa Mtakatifu Dimitri, sikukuu ya ukoo wetu. Zorka alioka mkate na kufunga mikunjo ya kabichi na nyama kwa watu thelathini, nikamwambia usijisumbue, akaniambia nyumba ya baba yako haijawahi kukosa wageni siku hii tangu wakati wa Waturuki. Tulikaa mezani toka saa tatu asubuhi. Aliyekuja ni postamasta peke yake, na yeye alileta barua ya mahakama. Hakutaka hata kikombe. Mtu hamkatai ndugu wa ubatizo akakosa kulipa, nilikuwa najua. Mikunjo tunaila mpaka leo.

Lile neno nililokuwa nikimwita kila mtu nimeliacha. Likifika mdomoni linanuka.

Sasa jambo la mwisho, na ndilo hasa lililonifanya nikuandikie. Mama yako amechapisha tangazo jipya la kifo. Picha ni ileile ya Agosti na ukingo mweusi uleule, lakini yale maneno ya kawaida ya huzuni na majonzi ameyatoa. Ameandika tu: "Mwanangu Rastko aliuliza kama apae. Aliambiwa nenda. Mama." Amebandika kwenye kila nguzo kutoka kanisani hadi kinuni. Amebandika mlangoni mwa klabu, sambamba na kile kibao, mpaka watu wa klabu wakaona haya wakakibandua kile cha shaba wenyewe. Amebandika kwenye mti ulio mbele ya nyumba ya Radiša. Radiša analichana kila asubuhi, na mama yako anabandika jingine kila mchana, na mtaa mzima unatoka kutazama.

Na moja amebandika kwenye geti langu.

Zorka alitaka kulitoa kabla ya sikukuu, eti wageni watasemaje. Nilimkataza. Kwetu tangazo la kifo halibanduliwi na mkono wa mtu, unajua, linaachiwa mvua na upepo. Lakini upepo wa vuli umeanza kutoka mashariki, na jana ulichana pembe ya juu upande wa jina lake. Nimeigongelea misumari mitatu midogo. Kesho nitaongeza wa nne chini, na rangi ikififia nitakwenda kusimama nje ya ua wa mama yako nimwombe jingine.

Bogosav